Kamera na baisikeli ya viazi

Bon, juzi nilikuwa nangoja karatasi yangu kwa ofisi moja ya mambo ya barabara, na dereva muzee wa kamio, lori ya viazi, alikuwa anashika kichwa. Kamera ya kupima mbio za magari, kwa mutelemuko wa Kanama, ilisema alikimbia sana, sasa wanataka kumunyanganya permi yake ya kuendesha.

"Chef, kamio yangu imechoka, haiwezi kukimbia!"

Karani akageuza ekra ya kompyuta, tuone picha. Ee! Tukaona kamio, na kando yake baisikeli yenye gunia tatu za viazi, inaipita!

Nikacheka mupaka karani akasema, "Mama, nyamaza."

Dereva akauliza, "Donc, nani alikimbia?"

Karani akakuna shingo. "Baisikeli haina plaki ya namba. We uko nayo."

Permi ikabaki kwa meza ya karani. Mi nikarudi kwa miguu, nikitelemuka pole pole, kamera isiseme mi pia nakimbia.