Mbwa wa Karata na Barua Yenye Muhuri

Kwenye cheti cha kifo imeandikwa kwamba rafiki yangu alifariki Jumanne, hospitali, kwa presha. Mimi nilimwona Jumamosi, saa moja asubuhi, uani kwake mtaani Shika Adabu, amekaa chini mchangani na kanzu yake ya msikitini, kichwa cha mbwa kiko mapajani. Mbwa yule jina lake Karani. Povu lilikuwa likimtoka mdomoni na kulowesha kanzu, miguu inapiga mchanga kama anayekimbia, na mwenzangu anampangusa kwa kiganja kitupu. Mbwa wengine walikuwa wamelala huku na huku, wameshanyamaza, kila mmoja na utepe mwekundu shingoni. Nilisimama mlangoni na viti vya kuazima mikononi. Akaniangalia, akaniuliza jambo moja tu: “Ile barua uliandika nini?”

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haitaji mtu kwa jina. Leo nitawataja mbwa. Watu nitawataja kwa vyeo vyao, na Likoni nzima itajua ninasema nani.

Tulijuana bandarini, genge moja la vibarua wa kupakua magunia. Siku tuliyoambiwa kesho tusije, yeye alishika brashi na mimi nikashika kalamu. Alichora mabango ya vinyozi, maduka ya nazi, migongo ya tuktuk, na mkono wake ulikuwa mkono kweli. Simba akichorwa na yeye hafanani na paka kama simba wa wengine. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu watu wanaupenda, wakaanza kunijia Mtongwe niwaandikie barua za malalamiko, na kwa njia hiyo hiyo nikapata kona hii ya gazeti. Wenzetu wa genge wameisha mmoja mmoja, huyu mgongo, huyu mapafu, huyu chang'aa. Tulibaki wawili. Sasa nipo mimi, na sioni nimebakizwa kwa kazi gani.

Habari ya mbwa ilianza na Karani. Alikuwa mbwa koko, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika, na kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya mwenyekiti wa mtaa akiangalia mlango, kama mtu aliyekuja kutafuta muhuri. Watu wakampa cheo cha karani wa ofisi na kucheka, na mwenyekiti hakupenda kuchekwa. Siku moja alimpiga teke la mbavu mbele ya watu. Rafiki yangu, aliyekuwa juu ya ngazi akichora bango la duka la jirani, alishuka, akambeba mbwa kwa gunia, akaenda naye kwake. Baada ya Karani akaja Bi Harusi, mweupe wote; akaja Mkia Nusu; akaja jike mmoja aliyezaa chini ya mtumbwi uliooza, na wanawe. Aliwapikia vichwa vya dagaa na makoko ya ugali, akawapeleka kuchanjwa, na kila aliyechanjwa alifungwa utepe mwekundu.

Alikuwa Mdigo, Mwislamu, mtu wa safu ya mbele msikitini, na haya watu hawakumwachia hivi hivi. Mlangoni kwake aliweka ndoo mbili, moja ya maji, moja ya udongo safi aliouchota mbali. Mbwa akimlamba tu, ananawa mara saba, moja kwa udongo, bila haraka, kama mtu anayepaka rangi. Jirani mmoja alimsimamia siku moja akamwambia, “Yakhe, si umwache huyo mnyama upumzike na hizo ndoo?” Akamjibu bila kuinua kichwa: “Nimeamrishwa kunawa. Kuua sikuamrishwa, wala kufukuza.” Miaka yote hiyo sikumwona hata mara moja akiingia ndani na mkono wenye mate ya mbwa. Ndiyo maana ile kanzu ya Jumamosi hainitoki machoni. Ndoo zilikuwa palepale, zimejaa. Hakunawa.

Karata zilikuja kwa sababu mbwa wamezidi na ua ni mdogo. Alitaka kila mmoja apate kwake. Akawachora wote, mmoja mmoja, kwenye makaratasi ya ukubwa wa karata, akatunga mchezo, akaja nao barazani kwetu tunapocheza jioni. Katikati ya mkeka kuna fungu linaloitwa jaa, ndani yake mbwa wasio na kwao. Zamu yako ikifika unamtoa mmoja unamweka mbele yako, lakini lazima utoe karata ya mfupa, na mifupa ni michache. Kama huna, mwenzio anaweza kukupa wake. Mifupa ikiisha na jaani amebaki mbwa hata mmoja, wote mmefungwa.

“Turufu ni ipi?” fundi cherehani wa baraza letu akauliza.

“Hauna turufu.”

“Mchezo wa karata usio na turufu? Huu ni mchezo au semina?”

“Mchezo. Hebu mpe mwenzio mfupa.”

“Nimpe kwa nini, nami nimekaa hapa nimfunge?”

“Basi tumefungwa sote.”

“Nani kafungwa? Mimi nina mbwa watatu mbele yangu hapa.”

“Na yule wa jaani ni wa nani?”

Fundi akainama akatazama. Alikuwa Karani, na sikio lake. “Huyo? Huyo wa mwenyekiti,” akasema, na baraza zima likacheka, mimi nikiwamo. Tulicheza mara tatu jioni ile na mara zote tatu tukafungwa, kwa kuwa kila mtu aliikalia mifupa yake. Wiki iliyofuata niliandika kwenye safu hii, kwa kejeli, kuhusu bwana mmoja anayetaka kuwafundisha watu wa pwani kucheza karata kwa huruma. Wengine wenu mlinipigia simu mkanipongeza. Yeye alikata kipande kile cha gazeti akakibandika ukutani, akaniambia nimesaidia kumtangaza.

Kisha akaupeleka mchezo mtandaoni. Namna yake, kwa wasiojua, ni hii: unaweka picha, unaeleza unachotaka kufanya, watu wasiokujua wanaahidi kuchangia, lengo likifika unachapisha na kuwatumia bidhaa, lisipofika kila mtu hurudishiwa chake. Yeye aliahidi kwamba kwa kila pakiti itakayonunuliwa, chanjo na nauli ya mbwa mmoja kufika makao yake mapya vitalipwa. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na alikuwa akiandika kwa kidole kimoja chenye rangi. Wakachangia. Wakenya walioko ng'ambo, walimu, dereva wa tuktuk wa hapa hapa Likoni, mama mmoja wa mbali sana aliyekuwa akiuliza kila siku, “Karani hajambo leo?” Naye anajibu, “Hajambo, amekula, anakusalimu.” Lengo likafika. Mtambo wa Kisauni ukapewa kazi ya kuchapa. Na wa kuchukua mbwa wakapatikana: walinzi wa maghala Changamwe, shule moja, familia moja ya Ziwa la Ng'ombe, na mama mmoja Mduruma mwenye shamba la mihogo linalomalizwa na ngedere. Huyo alimtaka Karani. Alisema mbwa anayejua kukaa mahali pamoja na kutazama ndiye anayemfaa.

Siku ikapangwa, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Hapa ndipo ninapoingia mimi. Yeye alitaka jambo lifanyike kimya kimya: watu waje, wachukue, waende. Mimi nikakataa. Nikamwambia, “Mtaa huu hufanyi jambo bila kubisha hodi kwa wakubwa. Harusi inaandikiwa barua, matanga, maulidi, yote. Ukimruka mwenyekiti atajiona amedharauliwa.” Akasema, “Barua ya mbwa, yakhe?” Nikasema nitaiandika mimi, tena vizuri. Nikaandika. Nikaeleza kwamba mbwa wote, waliokuwa wamezoea kuzurura mchana, watakusanywa uani kwake tangu Ijumaa jioni. Nikaandika idadi yao, nyumba ni ipi, wageni watafika saa ngapi, na kwamba wote wamechanjwa na wana utepe. Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili. Alipiga muhuri nakala yangu akasema, “Hongereni. Haya ndiyo maendeleo. Nitafika mwenyewe niwakaribishe wageni.” Nilitoka pale kifua mbele, wallahi, mtu wa darasa la saba aliyejua taratibu.

Walikuja alfajiri, mwenye nyumba akiwa msikitini. Watu wawili, glavu, ndoo ya nyama. Jirani aliwaona akadhani wameleta chakula cha sherehe.

Yule mama Mduruma alifika saa tatu kamili, hakuna aliyemwambia njiani kilichotokea. Alikuwa na kamba mpya ya katani begani na maji kwenye chupa kwa ajili ya safari. Alisimama, akatazama wote waliolala, akauliza taratibu, “Wangu ni yupi?” Rafiki yangu akamwonyesha kwa kidevu, maana mikono haikuwa huru. Mama akapiga magoti, akaivua kamba begani akaiweka karibu na Karani, kisha akamsaidia kuchimba. Wakazika mpaka adhuhuri. Jumapili mwenzangu hakutoka. Jumatatu alianguka. Jumanne tukamzika na yeye, na mwenyekiti alikuja mazikoni na kofia nyeupe, akapewa nafasi ya kusema, akasema marehemu alikuwa mtu mwenye huruma kwa viumbe. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia. Mdomo umezoea.

Nimeuliza tangu siku ile. Mwenyekiti anasema amri ilitoka kwa ofisa wa wadi. Ofisa anasema yeye hupokea maombi ya wananchi, niulize ni wananchi gani. Ndivyo tunavyoishi upande huu wa maji: amri ina miguu ya kufika, haina mama aliyeizaa. Tuliachishwa kazi hivyo, tunabomolewa nyumba hivyo, na tukishakufa kila mmoja wao ana kofia nyeupe ya kuvalia mazikoni. Na sisi wa barazani tusijifanye wasafi. Majirani waliolalamika kwa mwenyekiti kuhusu kubweka ni wale wale waliocheka na mimi. Kila mtu ameikalia mifupa yake.

Mmoja wa wale wawili wa nyama nilimpata Mtongwe, kibandani, anakunywa chai. Sikumgombeza. Aliniamkia, shikamoo ami, nikamwitikia. Nikamwuliza walijuaje.

“Tulipewa karatasi, ami. Imeandikwa nyumba, idadi, na kwamba wako ndani pamoja. Zamani tunawakimbiza mtaa mzima. Kazi rahisi kama ile hatujapata.”

“Karatasi ya mashine au ya mkono?”

“Ya mkono,” akasema. “Mwandiko mzuri kweli.”

Alhamisi makasha yalikuja kutoka kwa mchapaji, nami ndiye niliyeyapokea, kwani hakukuwa na mwingine. Nimefungua pakiti moja. Karani yumo, Bi Harusi yumo, rangi zimetoka safi kabisa. Watu waliochangia wanangoja, na yule mama wa mbali bado anaandika kwenye ile simu iliyopasuka: Karani ameshafika kwake? Mimi ninayewaandikia watu barua tangu ujana sijaweza kumjibu hata neno moja, na sitamjibu mpaka nijue cha kumwambia.

Kwa hiyo namwuliza mwenyekiti wa mtaa, mbele ya wasomaji wote. Barua niliyokuletea ilikuwa ya kukaribisha. Ilitokaje mkononi mwako ikafika mkononi mwa watu wa sumu? Nani aliisoma, nani aliipitisha, nani alisema waje alfajiri mwenyewe akiwa anasali? Usinitume kwa ofisa, wala ofisa asinirudishe kwako. Nakala ninayo, na muhuri ni wako. Nimekuandikia mara mbili sasa. Ya kwanza ilijibiwa kwa nyama. Hii nataka ijibiwe kwa maneno, hadharani, na mtu atakayesema, “Ni mimi.”