Mawingu Yasiyokuwepo

Nyumbani walimwita Profesa tangu darasa la nne, kwa jinsi alivyopenda kubisha. Alipokua akawa mtafiti kweli, wa vibete vya kahawia: vitu vya angani vikubwa kuliko sayari, lakini vidogo mno kuwaka kama nyota. Macho hayavioni. Hupimwa kwa mwanga wa infraredi, yaani joto lao, na katika mwanga huo gesi za angahewa lao huacha alama.

Taabu ni kwamba mwanga huo hupita kwanza kwenye hewa yetu, yenye mvuke wake. Kwa hiyo kibete kikishapimwa, darubini hugeuzwa mara moja kwenye nyota ya kawaida iliyo jirani. Alama ambazo hewa yetu imeziacha kwenye mwanga wa nyota hiyo ndizo huondolewa kwenye kipimo cha kibete. Profesa alitumia kipimo cha nyota cha usiku uliotangulia, hewa ilipokuwa kavu, kwa hiyo mvuke alioondoa ulikuwa mdogo mno. Alipoona mvuke umebaki kwenye kipimo, akatangaza mawingu mapya kwenye kibete chake. Gazeti likaandika.

Asubuhi ya mhadhara wa wazi, akiandaa mchoro, aliona tarehe hazilingani. Akarudia hesabu kwa nyota sahihi. Mawingu yakatoweka.

"Wewe zungumza tu," mkuu wa idara alimwambia mlangoni mwa ukumbi, baada ya kuelezwa kosa. "Tutasahihisha baadaye, kimya kimya. Nani atajua humu?"

Ukumbini, mama yake alikuwa ameshakaa mbele na shangazi, akimweleza jirani wa kiti asiyemjua: "Huyo ni wangu. Ndiye aliyegundua mawingu."

"Muulize yataleta mvua lini," shangazi akadakia.

Profesa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema mawingu hayapo. Akaeleza kosa lake, macho yameganda mezani.

"Sasa huo mvuke ulikuwa wa nani?" mama aliuliza kwa sauti, kabla ya mtu yeyote.

"Wetu, mama. Wa hewa ya hapa."

Mmoja akacheka nyuma, wengine wakafuata. Mkuu wa idara alikuwa akitazama simu yake.

Baadaye Profesa alimfikia mama kwenye ngazi za nje.

"Nisamehe, mama."

"Ungenipigia asubuhi, mwanangu. Ningemwacha shangazi yako nyumbani."

"Nimesikia," alisema shangazi, nyuma yao.

Profesa alimpokea mama mkoba, wakatembea hadi kituoni bila kutazamana.