Kigugumizi cha Mtu Mwingine

Fundi wa majokofu alimpa binti yake jina la utani, Mdadisi, na jina likamkaa kama nguo ya kupimwa. Tangu alipoanza kutambaa, mtoto yule hakuona kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Alifungua, alichungulia, aliuliza. Tatizo lilikuwa kwenye kuuliza. Maneno yanayoanza na k na t yalimkwama kooni. Macho yalifumbika, kidevu kikapanda, pumzi ikakatika mpaka neno lenyewe liamue kutoka. Kwa mtu mwenye maswali mengi kiasi kile, "kwa nini" lilikuwa neno la kumtoa jasho.

Mwaka alioingia sekondari, baba yake alihama nyumbani. Hakwenda mbali. Alibeba godoro mpaka karakana yake, mtaa wa pili, akawa analala katikati ya majokofu mabovu na mitungi ya gesi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alibaki na nyumba na chumba cha mbele alichokigeuza kuwa duka lake la ushonaji. Mdadisi hakuelezwa kilichotokea. Alichokijua ni kwamba wazazi wake hawasemeshani tena, na kila wanalotaka kuambiana linapitia kwake.

"Kamwambie baba yako bomba la jikoni linavuja."

"Kamwambie mama yako nitapita akiwa ametoka."

Ilikuwa kichekesho, ingawa mwenyewe hakukicheka: watu wazima wawili, ndimi zao nyepesi hazina kasoro, wanamtuma mwenye kigugumizi awasemee.

Shuleni mambo yalikuwa na sura nyingine. Kulikuwa na msichana mrefu, sare yake imenyooka utadhani imetoka kwenye pasi dakika ile ile, kiranja wa darasa tangu siku za mwanzo, na kila mtu akamwita hivyo hivyo: Kiranja. Huyo ndiye aliyembatiza Mdadisi jina la Redio Mbovu. Wakati wa mapumziko alipanda juu ya benchi, akajifanya Redio Mbovu anasoma taarifa ya habari, na darasa zima likavunjika mbavu. Mdadisi alikaa palepale na uso wa kutojali.

Wengine nao walijaribu kumwiga, lakini hovyo hovyo, ta-ta-ta kama pikipiki inayogoma kuwaka. Kiranja alikuwa fundi. Ilikuwa siku moja, katikati ya vicheko, Mdadisi alipoacha kuumia kwa kitambo kidogo na kuanza kutazama. Kiranja alikuwa amekwama kwenye neno "mvua". Kichwa kilimlala kwenye bega la kushoto. Ngumi ikagonga paja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Halafu neno likamtoka kwa kishindo, likifuatwa na pumzi ndogo ya kuchoka.

Mdadisi hakuwahi kukwama kwenye m maishani mwake. Wala hakugonga paja. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo cha wateja, akajisemesha maneno magumu na kujitazama. Kidevu juu, macho yamefumbika. Kichwa wima kabisa.

Akajiambia: yule si mimi. Sasa ni nani?

Kuanzia hapo aliyasubiri mapumziko kwa namna ambayo hakuielewa mwenyewe. Bado yalimuuma, lakini alitega sikio. Aligundua kwamba anayeigwa ana sauti nzito kidogo kuliko ya msichana. Aligundua kwamba huyo mtu akikwama hakasiriki. Hutabasamu, kama anayeomba radhi.

"Mama," alimuuliza mama yake jioni moja, "mtu anaweza k-kuiga kitu ambacho hajakiona?"

Mama alikuwa anakunja pindo, pini zimemjaa mdomoni. Alizitoa kwanza. "Aigeje, mwanangu? Lazima awe amekiona. Tena amekiona sana. Kwani nani kaiga nini?"

"Hakuna."

Keshoye alimfuata Kiranja kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, akapiga moyo konde.

"Yule unayemwiga," alisema, "ni nani?"

Kiranja alicheka. "Kwani kuna Redio Mbovu wawili?"

"Si mimi. Mimi sigongi paja. Wala m hainishindi."

Kicheko kilikatika kama umeme. Kiranja alimtazama kwa macho ambayo Mdadisi hakuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyefumaniwa. Halafu akamsukuma kwa mikono miwili. Mdadisi aliangukia kwenye tope la chini ya bomba, na mkono wa shati ukachanika mpaka kwapani.

Nyumbani alisema ameteleza. Mama aliutazama ule mkono wa shati kwa muda mrefu. Fundi cherehani anajua kitambaa kilichonaswa na kitambaa kilichovutwa. Aliushona, akaurudisha.

Baada ya siku ile Kiranja hakumwiga tena, ila alifanya kibaya zaidi: aliwakataza wenzake wasimsemeshe. Wakatii. Mdadisi alikula peke yake, akasoma peke yake, na ndani ya ukimya ule swali lake likazidi kunenepa.

Jibu lilikuja lenyewe kwa miguu yake, alasiri moja ya wiki iliyofuata. Mama Kiranja alikuwa ameleta gauni lipunguzwe kiuno, akamtuma binti yake kulichukua. Kiranja hakujua duka ni la nani. Alipoinua pazia la mlangoni na kumkuta Mdadisi akitoa nyuzi kwenye nguo, nusura arudi alikotoka.

"Karibu, mwanangu, kaa," alisema Mama bila kuinua kichwa. "Nimalizie vifungo viwili."

Kiranja alikaa kwenye kigoda, ncha kabisa. Cherehani ililia. Ikanyamaza. Ikalia tena, na chini ya ule mlio Kiranja akanong'ona, "Ulijuaje?"

"Nilisikiliza."

"Ni kaka yangu." Alisema akitazama sakafu iliyojaa vipande vya nguo. "Alikuwa hivyo tangu utotoni. Baba alimlazimisha kurudia sentensi mezani mpaka aiseme bila kukwama, na sote tunangoja, chakula kinapoa. Siku moja aliinuka, akachukua begi, akaondoka. Sasa hatajwi. Ukimtaja, Baba anasukuma sahani na kutoka. Nilianza kuisahau sauti yake. Kweli, ilikuwa inanitoka. Halafu ukaja wewe darasani, ukasema 'karibu mwalimu' ukakwama, nami nikaikumbuka yote."

"Ndiyo uk-ukanifanya kichekesho?"

"Walicheka, na mimi nikamsikia." Alijifuta pua kwa kiganja. "Najua. Si sababu."

"Si sababu," alisema Mdadisi. Alikuwa na hasira bado. Alizihisi kifuani, za moto kabisa. Lakini udadisi wake haukuwa na subira. "Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Namba yake ninayo kichwani. Nilipiga mara moja kwa simu ya jirani. Ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema. Kimya tu. Nikasema haloo, haloo, kimya. Nikakata. Nadhani hataki kunisikia."

Mdadisi alimkodolea macho. Kisha akaacha nyuzi chini.

"Hukumngoja," alisema.

"Nini?"

"Kwenye simu ni vigumu zaidi. Mtu hakuoni uso. Hakuwa k-kimya. Alikuwa anasema, neno halijatoka."

Cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo, bila wao kugundua. Mama alifungua droo ya mezani, akatoa simu yake, akaiweka katikati ya nyuzi na vifungo. "Pigeni," alisema.

Simu iliita mpaka wakakata tamaa, kisha ikapokelewa. Kimya. Kiranja alisema, "Kaka? Ni mimi." Kimya kikaendelea, kirefu, kizito. Kidole chake kilisogea kukata. Mdadisi aliukamata mkono wake akautuliza juu ya meza, akatikisa kichwa: ngoja. Walingoja. Upande wa pili ulisikika mlio mdogo, tena na tena, kitu laini kikigongwa.

"M-m-m," ilisema simu. "M-mdogo wangu."

Kiranja aliangua kilio mpaka Mama akamletea kipande cha khanga. Ilibainika kwamba kaka anafanya kazi kwenye kiwanda cha samani, mji wa jirani tu. Kwamba tangu simu ile alijua ni mdogo wake, akaipiga namba ya jirani mara kadhaa, na kila mara jirani alikata akidhani ni wahuni.

Alipoondoka, Kiranja alisahau gauni, ikabidi arudi. Mlangoni alisema, "Ile ya kwenye bomba... nisamehe. Na mengine."

"Nitaona," alijibu Mdadisi. Huo ndio ukweli aliokuwa nao.

Jioni hiyo Mama alizima pasi, akakunja utepe wa kupimia. "Kamwambie baba yako," alianza, kama kawaida.

"Hapana, Mama." Mdadisi alishangaa kuisikia sauti yake. "Mimi k-k-kusema ni kazi. Nyinyi hamna shida. Semeni wenyewe."

Mama alisimama na utepe mkononi. Kisha alivaa viatu, akatoka kwenda karakana.

Wazazi hawakurudiana. Mdadisi alipouliza kwa nini, safari hii walimjibu, kila mmoja kwa upande wake: walikuwa wamechokana muda mrefu, wakaona aibu kumwambia. Haikuwa siri kubwa kama alivyoifikiria, wala haikupunguza machungu, lakini alilala vizuri zaidi kwa kuijua. Baba alianza kuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akazungumza na Mama habari za bomba na karo, mara nyingine kwa sauti kali.

Darasani, siku iliyofuata baada ya ile simu, Kiranja alivuka chumba mbele ya wote, akaketi kwenye benchi la Mdadisi. Wengine waliona, wakalegea mmoja mmoja. Urafiki ulichukua muda wake. Mwanzoni waliongea mambo ya hesabu tu. Kisha mwisho wa muhula kaka yake alikuja mjini, akafikia kwa yule jirani, na Kiranja akamwomba Mdadisi amsindikize kwenda kumwona. Alikwenda. Alikuwa na maswali mengi ya kumuuliza, na alijua huko hakuna atakayemharakisha.