Damu Iliyochoka

Nilizaliwa Endulen, na kabla sijajua kusoma nilishajua damu ya ng'ombe ya kunywa inatolewa wapi. Baba alikuwa akimfunga dume kamba ya ngozi shingoni, anaikaza mpaka mshipa unavimba. Kazi yangu ilikuwa kuugusa. Ukidunda, siyo wenyewe. Usipodunda, baba analenga kwa upinde mdogo na mshale uliofungiwa kijiti karibu na ncha ili usizame, na damu inaruka ndani ya kibuyu. Kamba ikifunguliwa, damu inakata. Anapaka samadi kidogo, dume anarudi kula majani kama vile hakuguswa.

Boma lile sasa ni duara tu kwenye nyasi, lakini harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi bado ninayo puani. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini damu ile ina rangi ya zambarau, siyo nyekundu.

"Hii imechoka," alisema. "Imezunguka mwili mzima, sasa inarudi."

Nikaja Karatu, sekondari, bweni. Kidato cha tatu mwalimu wa Baiolojia alichora mioyo ubaoni kama nyumba za kupangisha. Samaki vyumba viwili: damu inasukumwa kwenye matamvua, inachukua oksijeni, inaendelea na safari mwilini. Chura vitatu, kwa hiyo damu safi na iliyotumika zinakutana chumba kimoja, na anavumilia kwa sababu hata ngozi yake inapumua. Panzi alituchekesha kuliko wote. Damu yake inatapakaa tu tumboni, wala haibebi oksijeni. Hewa anaivuta kwa vitundu vya ubavuni. Sisi na ng'ombe tuna vinne, na ukuta katikati.

Kwenye mtihani tukaulizwa ni damu gani inayoingia upande wa kulia wa moyo. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha Endulen, kwamba ni damu iliyochoka. Mwalimu alinikosesha, akalisoma jibu mbele ya darasa zima, na tangu hapo jina langu likawa Damu Choka. Damu Choka, sogea. Damu Choka, bakiza uji. Nilinuna mwaka mzima. Leo naukumbuka hata ule uji ulioungua, na ningependa mtu aniite hivyo tena.

Nikaolewa Ganako, nikamzaa mwanangu. Akinyonya kidogo anaachia, anahema, midomo inageuka rangi ileile ya damu ya kibuyuni. Nikampeleka zahanati. Nesi akasema ni baridi ya mwezi wa saba, mfunike. Nikamfunika. Nikarudi, akasema nimfunike zaidi. Safari ya tatu nikagoma kuondoka kwenye benchi.

"Mama, wewe umesomea udaktari?"

"Nimesomea chura. Moyo wa huyu unachanganya damu. Weka hicho chombo kifuani usikilize."

Akasikiliza kwa kunikomoa. Kisha akasikiliza tena, taratibu, akaandika rufaa bila kunitazama. Hospitali wakampiga picha ya moyo: ukuta wa kati umetoboka tundu kubwa hadi damu iliyotumika inavukia upande wa damu safi, aende Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji. Mpaka leo nikikumbuka yale mablanketi nashikwa na hasira.

Baba mtoto alikuwa hifadhini, kule kreta, akitembeza watalii, akakubali kwa simu. Aliyekataa ni mama mkwe. Alisema mtoto hapasuliwi kifua akashonwa kama gunia la mahindi, ataacha kuhema hivyo akikua. Na kwenye nyumba ile, mama mkwe akikataa, mwanawe naye anaanza kusitasita. Daktari alishaniambia wazi kwamba tukichelewa, mapafu yataharibika.

Sikubishana. Nilikamata jogoo, nikachinja, nikautoa moyo nikaupasua mbele yake jikoni. Kuku naye ana vyumba vinne. Nikamwonyesha ukuta, nikapenyeza njiti ya ufagio hadi ikatokea upande wa pili.

"Mama, mjukuu wako yuko hivi. Ndiyo maana anakuwa wa bluu."

Akaugeuzageuza kiganjani. Amechinja kuku maisha yake yote, na bado aliutazama kwa muda mrefu.

"Wanaziba na nini?"

"Kiraka."

"Kiraka cha nini? Wanashona kwa uzi gani?"

"Sijui, mama."

"Hujui, na unampeleka." Akanawa mikono. "Nitakwenda mwenyewe nikaulize."

Na kweli alikwenda, na kweli aliuliza, kila daktari aliyepita mlangoni, mpaka mmoja akamletea kipande cha uzi ule akishike. Akauvuta, akauvuta tena, akamrudishia.

Baada ya upasuaji, siku waliporuhusu anyonye, nilimpakata huku nimebana pumzi mimi. Alinyonya moja kwa moja, macho yamenikazia, midomo myekundu. Alipomaliza ziwa lote akaning'ata, na mama mkwe akasema nisithubutu kumfinya.