Jina la Kudanganya Kifo

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa watoto wengine mgongoni, kwetu Mutarule, katika bonde la mto Ruzizi, hakuna mama aliyemwita mtoto wake mchanga kwa jina tamu. Jina tamu lilisubiri. Mtoto akishaota meno, akishatembea, akishaugua na kupona, hapo ndipo watu walithubutu kumwita vizuri. Kabla ya hapo aliitwa Mbwa, aliitwa Takataka, wengine waliitwa hata majina ambayo siwezi kuyatamka mbele yenu, na mama zao walicheka tu. Wazee walisema kifo kina masikio ila hakina macho. Kinapita njiani kikisikiliza ni nyumba gani wanaita kitu kwa mapenzi, kisha kinaingia humo.

Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili walikufa kabla ya kujua kukaa. Kisha akapata mtoto wa kiume. Koko, mama ya baba, ndiye aliyempokea. Alimchukua hata hajanyonya, akamlaza nyuma ya jiko juu ya maganda ya ndizi, akamwita jirani aje kumwokota kama kitu kilichotupwa. Jirani akamwokota, akatuletea: "Nimeokota hii kitu kwenye takataka, munaitaka?" Koko akajibu kwa unyonge, kama mtu anayepewa mzigo, "Lete tu, tutaona." Hapo akampa jina: Ntamwana. Kwa Kirundi chetu ni kusema, hakuna mtoto.

Jina hilo lilituchekesha sana. Mtu akipita njiani, anasikia kilio, anauliza:

"Nani analia humo?"

"Ntamwana!" anajibu koko.

"Na ule unaemubeba?"

"Ntamwana, nakuambia! Weye hausikie?"

Hata mtoto mwenyewe alijua kuligeukia jina lake. Ulisema, "Ntamwana," naye akakutazama kwa macho makubwa akitabasamu, na mate yanamtiririka.

Mama hakucheka kama sisi. Alipomwogesha, nilimwona akiweka mdomo kwenye sikio lake na kuchezesha midomo bila sauti. Nikamuuliza anamwambia nini. Akasema, "Ni maneno ya mama na mutoto." Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa amemchagulia jina, Anselmi, na alikuwa akimwonjesha kidogo kidogo, bila kulitoa hewani.

Baba alifanya kazi mjini Usumbura, ng'ambo ya Ruzizi, akija nyumbani mara chache. Yeye na mama walikuwa Wakristo. Ilifaa mtoto abatizwe mapema, lakini koko alikataa. Kanisani jina linasemwa kwa sauti, mbele ya watu wote, na mlango uko wazi. "Muache kwanza atembee," alisema. "Mungu hana haraka. Mwenye haraka ni ule mwingine." Na mama, aliyekwenda kanisani kila Jumapili, hakubishana naye. Aliogopa vilevile.

Homa ilimkuta wakati wa kuchuma pamba. Ilikuwa pamba ya lazima ya serikali ya wakoloni, hata mwenye mtoto mgonjwa alikwenda shambani. Nilikuwa ninambeba mgongoni, nikasikia mwili wake unaniunguza kupitia kitambaa. Mama aliporudi akamshika, akanituma mbio kumwita mwalimu Paskali.

Mwalimu Paskali alikuwa katekista wetu, mfundishaji wa dini. Alikuwa mtu mwema na mpole, lakini hakuwa wa bondeni kwetu. Alikuwa Mubembe wa kule kusini, pwani ya ziwa, na Kirundi hakukijua hata salamu. Alitufundisha kila kitu kwa Kiswahili. Alikuja na maji kwenye kikombe cha bati, akapiga magoti karibu na mkeka.

"Jina lake nani?"

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Lakini koko, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu anayeziba njia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Ntamwana!"

Mwalimu akatabasamu. "Jina nzuri. Iko na Mwana ndani yake." Masikini mtu wa Mungu, alisikia lile neno mwana, akadhani ni jina la Yesu. Akamwaga maji: "Ntamwana, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mama akasema amina kwa sauti ndogo sana. Koko bado alitumaini mtoto atapona, na kwa mtoto wa kupona lile jina lilikuwa ngao. Ngao haibwagwi wakati wa vita.

Alikufa kabla jua halijazama.

Kwa kuwa alikuwa amebatizwa, hakuzikwa migombani kama wale wawili. Alizikwa makaburini, karibu na kanisa letu la nyasi, chini ya msalaba wa vijiti. Mama alipata faraja kidogo kwa hilo. Alisema, "Huyu angalau nitamuona tena." Koko alituonya tusiseme tena jina lake, maana ukiita aliyekufa unaita muzimu. Nasi tukanyamaza.

Ilipofika siku ya kuwaombea marehemu, mwalimu Paskali alifundisha juu ya ufufuko. Alifundisha vizuri, mpaka watu waliacha kukohoa. Alisema siku ya mwisho tarumbeta italia, makaburi yatafunguka, na Bwana atapita akimwita kila mtu kwa jina lake la ubatizo, naye aliyeitwa atainuka na kuitika. Nilikuwa nimeketi chini karibu na miguu ya mama.

Watu walipotoka, mama alibaki.

"Mwalimu, minye niko na swali. Mutoto wangu, Mungu atamwita namna gani?"

"Kwa jina lake, mama. Ntamwana."

"Weye unajua maana yake?"

"Si ni jina ya Mwana?"

"Hapana, mwalimu. Ni kusema hakuna mutoto." Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Basi Mungu atasimama kwenye kaburi yake, atasema: hakuna mutoto. Na atapita. Wengine watainuka, na wangu atabakia mule chini, sababu hakuna muntu amemwita."

Mwalimu alikaa kwenye gogo. Alisema Mungu anajua mioyo. Alisema Mungu anafahamu Kirundi na maana zake zote. Mama akamjibu, "Ndiyo hiyo inaniogopesha, mwalimu. Akifahamu Kirundi, atafahamu tulisema hayuko." Akaomba mtoto abatizwe upya kwa jina Anselmi. Mwalimu akatikisa kichwa. Maji hayamwagwi mara mbili, wala hayamwagwi juu ya kaburi.

Tangu hapo mama, akitoka shambani na kitunga chake kichwani, alipitia makaburini. Alikitua kitunga, akachuchumaa, akaanza: "Anselmi. Anselmi, ni weye. Ukisikia Anselmi, uitike." Alimfundisha kama unavyomfundisha mtoto mdogo kujua jina lake. Alisema taratibu, akangoja kidogo, akasema tena. Wakati mwingine alinipeleka pamoja naye. Sikuona muzimu wala kitu chochote. Niliona mama akiongea na udongo, na miyenzi, ile miti ya ua wa kanisa, ikitikisika kwa upepo unaotoka ziwani.

Koko alipojua, alipiga makofi ya hasira.

"Weye mwanamuke, uko na mimba, na unaita mufu? Utamwita, atakuja! Na akikuja hatarudi mikono mitupu!"

"Akuje, mama. Ndiyo minye nataka."

"Hatakuja kwako. Atakuja kwa mwenzake aliye tumboni."

"Basi weye muondolee lile jina. Weye ndiye ulimupa."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu aliyetoa jina ndiye anayeweza kulirudisha. Mwingine akisema ni upepo tu. Lakini kulirudisha maana yake ni kusimama kaburini na kumtaja aliyekufa kwa kinywa chako. Koko alitema mate pembeni. "Minye siite bafu," alisema, yaani yeye haiti wafu. "Hata uninunie mpaka Pasaka."

Mama hakununa. Aliendelea kwenda peke yake.

Mimba ile haikufika mwisho wake. Ilitoka wakati wa mvua kubwa, barabara ya kwenda mjini Uvira ikiwa matope matupu, na damu haikukatika. Leo ninajua wanawake wengi wa bonde lile walikufa hivyo, na hawakuwa wamemwita mtu yeyote. Walibeba pamba, walibeba mimba, na daktari alikuwa mbali. Nilipokuwa mkubwa, mkunga mmoja wa hapa Uvira alinieleza vizuri, nami nikamwelewa. Lakini siku ile nilisimama pembeni ya kitanda nikiamini kwamba mtoto tuliyemcheka jina alikuwa amekuja kweli.

Koko hakusema, "Nilikuambia." Ningependa mjue hilo. Alikuwa amemshika mama kichwa, akimpangusa jasho, na uso wake ulikuwa mweusi kama wa mtu aliyelaani bila kutaka. Onyo likitimia, aliyelitoa hapati raha yoyote.

Mama akasema, "Mama, muondolee."

"Upone kwanza. Ukipona tutaenda pamoja. Minye na weye."

"Muondolee sasa."

"Nitamuondolea, mwana wangu. Upone tu."

Nadhani koko alikuwa anapatana na kifo tena, kwa njia aliyoizoea: kuchelewesha neno ili mtu abaki. Mama alimtazama. Kisha akageuza uso kwenye ukuta, na akafa akiwa hivyo.

Walimchimbia karibu na kile kilima kidogo cha mtoto. Baba alikuwa amefika kutoka Usumbura, viatu vyake vimejaa matope. Mwalimu Paskali alisoma maneno yake, watu wakaimba, udongo ukarudishwa. Walipoanza kuchukua majembe yao ndipo koko alipotoka katikati ya wanawake, mchana peupe, mbele ya watu wote. Akaenda mpaka kwenye msalaba wa vijiti. Alipiga magoti kwa shida, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Akaweka mikono yote miwili juu ya udongo.

"Nilisema hakuna mutoto," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilitufikia sote. "Nilisema uongo. Niliogopa. Mutoto iko. Jina yake Anselmi. Mama yake alimupa, na minye nilimunyima. Ee Mungu, kama uliandika neno langu, lifute. Mutoto iko. Iko hapa."

Kisha akaita. Akaita, "Anselmi!" kama anavyoita mtu jioni mtoto aliyechelewa kurudi. Akaita tena. Wanawake wengine walifunika watoto wao masikio. Hakuna kilichoitika. Baba alikwenda akamwinua kwa kumshika kwapani, tukarudi nyumbani na mvua.

Koko aliishi miaka mingine baada ya hapo, ila hakumpa tena mtoto yeyote jina, la kuficha wala la kupendeza. Akiombwa alisema kinywa chake kimechoka.

Mimi sikusoma. Haya ya ufufuko nimeyasikia kwa masikio tu, kanisani, miaka mingi, kutoka kwa makatekista na mapadri wengi, kila mmoja na namna yake. Nimewazika watoto wangu pia, wale niliowapa majina ya watakatifu tangu siku ya kwanza kwa sauti kubwa, kwa kuwa sikutaka kurudia mambo ya kwetu. Kifo kiliwasikia au hakikuwasikia, sijui. Kiliwachukua wengine na wengine kikaniachia. Sasa ninakaa Nyamianda, hapa Uvira, naliona ziwa kutoka kitandani, na wajukuu huniuliza kama naogopa kufa. Nawaambia siogopi sana. Kinachonisumbua ni jambo moja. Koko alisema alichopaswa kusema, lakini mama, aliyekuwa akikingoja, alikuwa tayari chini ya udongo, na sijui kama huko chini neno linafika. Mwalimu Paskali aliamini linafika. Mama alikufa hajui. Nami nikifika huko, kabla ya kuuliza habari za baba, kabla hata ya wanangu mwenyewe, nitamtafuta mama nimwangalie mikononi, kama amebeba mtu.