Ekseli Niliyoiosha

Juzi niliona karavani bila magurudumu karibu na stesheni, kuku wakitaga ndani yake, na harufu ya grisi na majivu ikanirudia.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Karavani yetu kuukuu ndiyo iliyombeba, yeye na mashine yake, hadi machimbo ya Kama kuwashonea wachimba dhahabu. Ekseli ya magurudumu yake ilipovunjika, alikwenda kwa muuza vyuma kuchagua nyingine, akizipima zote kwa utepe wake wa kushonea. Aliiacha ile rahisi yenye kiraka, akachukua nzima. Ilipokwisha kufungwa, akaipaka tope na mafuta machafu mpaka ikafanana na chuma cha kutupwa.

Mimi, binti yake, nilidhani ameiacha chafu kwa uchovu tu. Alipokwenda kuswali alasiri, niliingia chini ya karavani na majivu na mchanga, nikaisugua hadi ikang'aa. Nilitaka afurahi.

Aliporudi, alimkuta mkubwa mmoja wa chama ameinama, anaitazama ekseli.

"Hii njo nguvu, sitwayeni," mkubwa alisema, akitumia neno la chama la kumwita kila mtu raia. "Chama itaiazima."

"Iko sawa, sitwayeni," baba alijibu. Akaitoa mashine yake ndani, akaiweka chini kwenye vumbi.

Karavani haikurudi. Leo najua kwamba wakati ule kitu kizuri kilipona kwa uchafu wake.

Jioni ile baba aliitazama mikono yangu myeusi, akasema taratibu, "Umeosha muzuri, mama."

Kwa miaka mingi niliyatunza maneno hayo kama sifa.