Betri za Kazi Zilipiga Muziki wa Ndoa Yangu

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la bwana yangu, maana hapa Nchelenge, Zambia, watu wanajuana. Niko muke wa miaka 23, nilimaliza shule ya secondaire, na ndoa yangu ina miezi miwili tu. Ndugu zangu, niliolewa na mutu ninayemupenda! Pikipiki yake naitambua kwa mulio tangu iko mbali barabarani, na moyo unaruka kama siku ya kwanza. Ananiita malkia wa ziwa Mweru. Ananipokonya ndoo ya maji mbele ya wanaume wenzake, wanamucheka, hajali. Sikujua mutu anaweza kupendwa hivi. Leo ninalia kwa sababu furaha yenyewe ndiyo ilituponza.

Bwana yangu anatunza mashine za kompyuta za shirika linaloandika wakimbizi na kuwatafutia ndugu waliopotezana nao wakati wa kukimbia Congo. Mashine ni tatu: moja hapa Nchelenge, moja kambini Mantapala, moja Puta. Jina likiandikwa kwa moja, zingine zinalinakili. Moja ikifa, mbili zinaendelea na kazi. Lakini ikibaki moja peke yake inakataa kuandika kitu, mpaka ipate mwenzake wa kukubaliana naye. Ile ya Puta inaishi kwa sola na betri mbili kubwa.

Siku mbili kabla ya ndoa, jenereta tuliyoahidiwa iliharibika. Nikamuambia, "Sheri, ndoa bila muziki ni matanga." Akacheka: "Sasa malkia, umeme nitatoa wapi?" Ni mimi, kwa kinywa changu, niliyesema, "Si kuna betri za Puta? Wewe mwenyewe ulisema mashine mbili zinatosha." Alinitazama sana. Kisha akapanda gari ya samaki kwenda Puta.

Muziki ulilia, ndugu zangu! Aliyecheza kuliko wote ni mama mumoja wa Mantapala, nitamuita Mama Josée. Sina mama, yeye ndiye alinipikia bukari, ule ugali wa sherehe, na kunifunga kitambaa kichwani. Mutoto wake wa kiume alipotea njiani wakikimbia, akiwa na miaka sita. Sasa angekuwa na kumi na tatu. Wiki moja baada ya ndoa alikuja kwetu mbio, hata viatu hakuvaa.

"Binti yangu, bameniita ku biro ya kazi ya bwana yako! Kuna mwanamuke wa biashara alitoka ng'ambo, Congo, anasema ameona mutoto wangu! Bameandika kijiji, bameandika na jina ya baba mwenye anamulea!"

"Kijiji gani, mama?"

"Habaniambie. Banasema ningojee kwanza bahakikishe, nisiende kuvuka maji kwa habari ya uongo."

Tukapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Siku ile betri zilikuwa bado kwetu. Kila asubuhi bwana yangu alisema, "Leo nazirudisha." Kila asubuhi nilimushika shati: "Acha kidogo, Sheri, nyumba yetu inapendeza na taa." Zikapita wiki tatu.

Ndipo diski ya Nchelenge, ile inayotunza majina ndani ya mashine, ikafa. Alirudi muchana uso umebadilika, akang'oa betri, akazirudisha Puta. Puta ikawaka ikiamini bado ni ile siku alipoizima, kabla ya ndoa yetu. Ilipaswa ivute majina yote ya wiki tatu kutoka Mantapala. Rezo ya mtandao ikawa nzito. Kabla haijapata hata majina ya siku moja nzima, diski ya Mantapala nayo ikaanza kukwaruza, ikanyamaza. Diski zote mbili zilinunuliwa pamoja, zilichoka pamoja. Alizipeleka Lusaka kwa mafundi, zikarudi kama zilivyoenda. Akaweka diski mpya, akazijaza kwa kile Puta ilichokuwa nacho. Mashine zote tatu zinafanya kazi leo, na ndani yake mimi bado sijaolewa, na hakuna aliyemuona mutoto wa Mama Josée.

Mukubwa wake wa kazi alimupa mukono mbele ya wote: "Natotela mukwai, asante sana! Bila wewe tungepoteza yote." Anaamini Puta ilichelewa siku mbili tatu kwa sababu ya rezo, kwa hiyo wameita tu watu wa siku zile za mwisho warudi kuandikwa. Wa wiki tatu hawajaitwa. Hawajui. Wanangoja jibu la kitu ambacho hakipo tena.

Juzi Jumapili Mama Josée alileta chisense, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani na kitambaa cha bluu. "Bwana yako anisaidie, asimame. Nataka kushonea mutoto shati, sijue urefu wake umefika wapi." Akamupima mabega kwa kamba, akicheka: "Nitapunguza kidogo, mutoto wangu hawezi kuwa mukubwa kama huyu ng'ombe!" Bwana yangu alisimama mikono wazi, machozi yanamushuka. Mama akafikiri ni huruma. Akamupangusa uso kwa kitambaa kile kile.

Alipoenda, bwana yangu akasema, "Kesho nasema ukweli biro." Nikamushika shati tena. Akisema, wanamufukuza, na hapa hakuna kazi nyingine kwake. Na mama niliyemupata ukubwani atajua alicheza juu ya jina la mutoto wake. Lakini tukinyamaza, karani wa biro atasahau kijiji alichoandika, na yule mwanamuke wa biashara anaweza kuvuka mara moja, asirudi tena. Kila siku ninayomushika shati, mutoto anaenda mbali zaidi.

Mama Josée ameniambia shati limebaki vifungo tu. Nyinyi mulio watu wazima, mulio na watoto, niambieni bila kunihurumia: nimuachilie bwana yangu aende kusema, au niende mimi kwanza nimupigie magoti mama?